Tulivyomzika Bwana Mizani

Nimestaafu. Siku ya kuniaga walinipa keki, kanga na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyemaliza kazi ndiye mwenye haja kubwa ya kujua saa ngapi. Halafu vijana wa dawati la maoni wakanishika mkono: Mama Minza, tuandikie hata machache, yatusaidie. Basi haya ndiyo hayo. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe kwa kuwa ndio huo huo mnaopokea.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya maoni ya watazamaji. Kituo chetu cha televisheni hapa Geita ni kidogo, lakini tamthilia zake zinatazamwa kila kona, kuanzia machimboni hadi ziwani. Kila sehemu mpya ikishaonyeshwa, mimi nilitoka kwenda kuwauliza watu wameionaje, kisha maneno yao yanarushwa Jumamosi mchana. Ndugu zangu wa Shinyanga waliamini mpaka mwisho kwamba mimi ni msomaji wa taarifa ya habari. Nilichoka kuwasahihisha.

Siku ya kwanza nilipelekwa sokoni na kinasa sauti begani. Niliuliza kila niliyemkuta, "Mmeionaje tamthilia yetu?" Wauza nyanya wakasema nzuri tu. Wauza mitumba wakasema nzuri tu. Mlevi mmoja akasema nzuri tu, ila yeye hana televisheni. Nilirudi nimefurahi, nikampa Mzee Lutonja, fundi sauti wetu, aliyekuwa pale tangu kituo kikiwa chumba kimoja. Alisikiliza yote amefumba macho. Kisha akavua vile visikilizio vyake.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "umeenda kuuliza maoni au umeenda kusalimia?"

Nilinuna mpaka jioni. Ila kesho yake alinikalisha akanifundisha mambo mawili ambayo yamenilisha miaka yote. La kwanza, usimuulize mtu ameonaje, muulize nani amemkera. Hapo hata bubu atapata sauti. La pili, mtu akisema "ni hayo tu," usizime mashine. Shika hivyo hivyo kinasa chako, tabasamu, kaa kimya. Maneno ya kweli huja baada ya "ni hayo tu," kwa sababu hapo mtu anadhani ameshamaliza kazi ya kusema. Mzee Lutonja hakuwahi kuniambia hongera hata siku moja. Akipenda nilicholeta, alikuwa anasema, "Hii haijaoza."

Vifaa navyo vina adabu zake. Kinasa changu nilikishonea mfuko wa kitenge kwa sababu vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Kule Nkome shida ni upepo wa ziwani, na dawa yake ni soksi ya mtoto iliyovishwa juu ya maiki. Msicheke. Mashine zenu za sasa zina sponji za kila rangi, lakini mkienda Nkome bado mnarudi na sauti kama ya mtu anayepuliza moto.

Nkome ndiko nilikojifunza kufanya kazi nikiwa nimeinama. Akina mama wanaoanika dagaa hawasimami kwa ajili ya mtu wa televisheni. Ukijitia kusimama mbele yao na kinasa, watakupa "nzuri tu" yako uende. Nilipoweka kinasa chini juu ya kanga na kuanza kugeuza dagaa nao, wakafunguka, wakaanza kuwapangia waigizaji wetu waume na wake. Nilinuka dagaa kwenye basi mpaka kondakta akaniuliza nauza kilo kwa bei gani.

Sasa nifike kwa Bwana Mizani, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Tamthilia yenyewe mnaikumbuka, *Duara Namba Tisa*, jina la shimo la wachimbaji. Bwana Mizani alikuwa mnunuzi wa dhahabu mwenye koti refu la kahawia, kofia ya pama na mizani ndogo ya mfukoni iliyochezewa. Aliwapunja wachimbaji, aliwachoma kwa polisi waliomshtukia, na alicheka kicheko kimoja cha polepole ambacho kiliwafanya watoto wakojoe kitandani kuanzia Segese hadi Runzewe. Sijawahi kukusanya maoni rahisi kama yale. Nilikuwa nikiuliza tu "nani amekukera," kabla sijamaliza nimeshajibiwa.

Aliyemwigiza alikuwa Baba Sayi, fundi seremala wa Segese. Mtu mpole kupita kiasi. Anasalimia mpaka mbuzi. Alipatikana kwa bahati, wenzetu walikwenda kwake kutengenezewa meza ya kwenye tamthilia, mmoja akamwambia ajaribu kusoma mistari, na alipocheka kile kicheko kila mtu akanyamaza. Karakana yake ilitoa vitanda, milango na majeneza, na katika kikundi chao cha kufa na kuzikana pale mtaani yeye ndiye alikuwa bega la kwanza la kubeba.

Kadiri Bwana Mizani alivyovuma, ndivyo Baba Sayi alivyoanza kupungukiwa na watu. Ilianza kama utani. Mteja mmoja, jirani yake, akarudisha kitanda, akisema mke wake amegoma kulala juu ya kitanda cha Mizani. Muuza genge akaanza kupima nyanya zake mara mbili mbele yake, huku akimtazama usoni. Nilimhoji yule wa genge. Akaniambia kwa moyo mweupe kabisa:

"Najua anaigiza, Mama Minza. Mimi si mjinga. Ila nijibu, amejulia wapi kuiba vizuri namna ile?"

Mpaka leo swali hilo naliona kuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo mwigizaji wetu yeyote amewahi kupewa, na ndilo lililoivunja nyumba yake taratibu.

Mahali palipomuuma zaidi ni msibani. Kila palipotokea mazishi, akijongea kushika jeneza, mtu anamgusa mkono na kumwambia, "Pumzika, Baba Sayi." Akaambiwa apumzike msiba huu, akaambiwa apumzike na ule. Nyinyi mnaokaa nyumba za kupanga mjini huenda hamuelewi. Mtu ambaye hatakiwi kubeba, ujue siku yake naye hana uhakika wa kubebwa. Nilimuuliza mwenyekiti wa kikundi, Bibi Kabula, mama wa umri mkubwa mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Hakunificha.

"Hatumchukii," alisema. "Ila jeneza likibebwa na yule, watu wanamtazama yeye, hawamtazami marehemu. Watoto wanaanza kunong'ona. Mwenye msiba anaona aibu. Nifanyeje?"

Na hapo ndipo palipokuwa na kisu chenyewe, maana binti yake, Sayi, alikuwa ameshachumbiwa. Ukweni ni Nkome, na walikuwa wamepanga kuja kwa harusi baada ya mavuno. Mama Sayi alikuwa ameshapita kwa majirani kuwaomba waje wamsaidie kutwanga, kuchota na kupika. Waliitikia kwa midomo. Uani kwake hakukanyaga mtu. Mnajua wakwe wanapofika wakakuta ua mtupu wanafikiri nini kuhusu familia.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba Bwana Mizani atamalizwa, mtu aliyefurahi kuliko mchimbaji yeyote alikuwa Baba Sayi. Alinipigia simu akicheka, si kile kicheko, kicheko chake mwenyewe. "Nikishakufa, Mama Minza, nitapumua."

Sehemu yenyewe ilionyeshwa. Bwana Mizani anakimbizwa, anajificha ndani ya lile duara alilowadhulumu watu, shimo linatitia, vumbi linapaa. Wachimbaji wanasimama pembeni wanatazama. Muziki. Wanaondoka kwenda zao. Mwisho.

Kesho yake nikaingia kazini kama kawaida. Nilianzia kwenye kibanda cha kuonyeshea video pale Segese, ambako walikuwa wanairudia mchana kwa waliokosa. Nikatarajia vigelegele. Nikakuta kelele za mashtaka.

"Nani amekukera?" nikamuuliza kijana mmoja mwenye tope la duarani mpaka masikioni.

"Nyinyi," akasema. "Duara likititia tunachimba mpaka tumtoe mtu. Hata awe mwizi wangu, hata awe amechukua mke wangu. Kazi yote inasimama, maduara ya jirani yanasimama, anatolewa, anazikwa, ndipo tunarudi kazini. Sasa wale wenu wamempa kisogo wakaenda kunywa chai. Wale ni wachimbaji wa wapi?"

"Kwa hiyo unaonaje, amekufa?"

"Maiti iko wapi? Huyo hajafa. Ametokea upande wa pili. Ni hayo tu."

Nikakaa kimya nimeshika kinasa.

"Na mimi nimemwona asubuhi," akaongeza, akishusha sauti. "Anaranda mbao."

Nkome waliniambia yale yale huku tunageuza dagaa. Runzewe kuna mtu wa stendi aliyeapa kwamba Bwana Mizani alishuka kwenye basi bila mzigo. Hapakuwa na hata mmoja aliyekubali kwamba amekufa. Na mtaani kwa Baba Sayi mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa akipita watoto wanakimbia huku wanapiga kelele, "Yuko hai! Yuko hai!"

Alikuja ofisini kwetu Geita amevaa shati la kanisani. Akakataa chai.

"Mama Minza," akasema, "mimi siombi kitu kikubwa. Niueni vizuri."

Nilitaka kucheka, nikamwona machozi, nikaacha.

Aliyeiandika ile sehemu ni Deo, mhariri wetu wa vipindi, kijana wa Runzewe ambaye anajua duara kuliko mimi. Nikaenda kumuuliza imekuwaje akafanya kosa ambalo hata mtoto wa machimboni asingelifanya. Hakulikana. Alifanya makusudi.

"Nimeacha mlango wazi, mama," akasema. "Watu wakimkumbuka sana, tunamrudisha. Ndiyo maana koti, kofia na ile mizani viko stoo. Wasigusike."

Nikamweleza habari ya Baba Sayi. Akasikitika kweli, si mtoto mbaya, ila akasema tamthilia ni tamthilia. Nikatoka pale nimefura kama andazi.

Jumapili ile nilikwenda kwa Bibi Kabula. Nilimkuta uani anapepeta mahindi. "Mwadila, mayu," nikamsalimu. Akaitikia, akanisukumia kigoda na ungo wa pili. Nikapepeta huku nikimweleza yote, pamoja na stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shida ni kwamba mmemwacha mtu juu ya ardhi," akasema. "Hajazikwa, basi anazunguka. Na akizunguka atatumia sura gani? Ya Baba Sayi. Tumzike."

"Mwizi naye anazikwa?"

"Hatumziki kwa ajili yake. Tunamzika tupumzike sisi."

Nikamwambia watu watasema ni uchuro, kumfanyia msiba mtu anayepumua. Akaweka ungo chini.

"Lile koti ni la nani? La Baba Sayi?"

"La kituo."

"Basi uchuro uko wapi? Niletee koti."

Nililipeleka hilo ombi la koti kwa Deo, akanijibu hapana kabla sijakaa. Nikamwambia sawa mwanangu, ila kazi yangu ni kukusikilizisha maoni, na bado hujasikiliza ya Runzewe. Akaweka visikilizio masikioni kwa uvivu. Nikamwekea yule wa stendi, akacheka. Nikamwekea muuza mchele, akatikisa kichwa. Kisha nikamwekea sauti ya mama mmoja mtu mzima niliyemkuta anamenya mihogo nje ya nyumba yenye mlango wa bluu. Sikupanga kumhoji. Nilipita kuomba maji.

Mama yule alikuwa akisema: "Mimi ile tamthilia naipenda, anaiandika mwanangu. Ila nilitamani kujificha. Majirani wananiuliza, huyo mwanao umemlea wewe kweli? Mtu anafukiwa, wenzake wanaondoka? Baba yake alitolewa duarani na watu asiowajua, walichimba usiku na mchana, ndiyo maana ana kaburi. Leo yeye anawaondosha wenzake wamwache mtu shimoni, tena kwa muziki? Ni hayo tu." Kikafuata kimya, kisu kinasikika kwenye muhogo. Halafu: "Mwambie aje nyumbani ale. Amekonda."

Deo alivua visikilizio, akaviweka mezani. Mzee Lutonja alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma, lakini naapa nilimsikia akisema hii haijaoza.

"Funguo za stoo ziko kwa mlinzi," Deo akasema. "Na mchukue kamera. Kama tunamzika, tunamzika hewani."

Sanduku alilitengeneza Baba Sayi mwenyewe. Alilipiga randa siku nzima, mbao za mninga zilizobaki kwenye mlango wa mtu, na akalitia vanishi utadhani ni la chifu. Tulipofika Segese na koti, tulikuta watu wamejaa kuanzia kibandani hadi barabarani. Wachimbaji walikuwa wamesimamisha kazi. Hakuna aliyewaambia wasimamishe. Walikuwa wamekuja na koleo zao, na kwenye uwanja ulio nyuma ya kibanda wakawa wameshachimba shimo lililonyooka kingo kuliko shimo lolote la halmashauri.

Koti likakunjwa, kofia juu, mizani juu ya kofia. Bibi Kabula akalifunga sanduku kwa mkono wake. Alisimama juu ya kreti la soda ili aonekane.

"Huyu alikuwa mwizi," akatangaza. "Alipunja watu, alichoma watu. Leo tumemtoa shimoni, tumemwona wote. Kuna ambaye hajamwona, asogee sasa. Kesho asije kuniambia yuko hai."

Watu wakasogea. Wakapita mmoja mmoja wakiligusa sanduku, wengine wanacheka, yule wa genge akaligonga kwa kidole kuhakikisha. Kisha Bibi Kabula akaanza kuita wabebaji kwa majina, kama anavyofanya msiba wowote. Aliita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baba Sayi alikuwa amesimama nyuma kabisa na nyundo yake mkononi, tayari ameshapumzika, kama alivyozoeshwa.

"Baba Sayi! Mbele kulia."

Hakusogea. Nadhani hakuamini. Mchimbaji mmoja akampokea ile nyundo, akamsukuma kidogo mgongoni. Akaja, akainama, akaweka bega.

Ndugu zangu, nimeona mengi kazini, lakini hilo silisahau. Sanduku likainuka, na kila aliyekuwa pale akawaona watu wawili kwa wakati mmoja. Mizani yuko ndani, amelala. Baba Sayi yuko chini yake, amembeba, jasho linamtoka, bega kwa bega na wenzake. Niliona kwenye nyuso za watu kitu kikifunguka. Mtoto mmoja alinyoosha kidole na kumuuliza mama yake kwa sauti, "Kumbe si yeye?" Na mama akajibu, "Si yeye. Yule ni Baba Sayi, fundi." Nikalia waziwazi, na kamera ilinipata, na Deo akakataa kunikata.

Tukazika. Udongo ukajaa. Halafu pakatokea swali ambalo mimi na Deo hatukulifikiria. Watu walikuwa wamesimama na mikono ya udongo, hawaondoki. Mchimbaji mmoja akauliza, "Tunarudi wapi kunawa?"

Maana mkishazika mnarudi nyumbani kwa marehemu, mnanawa, mnakula, ndipo mnatawanyika. Na Mizani hakuwa na nyumbani.

Bibi Kabula hakusita. "Tunarudi kwa aliyetoa sanduku," akasema, akatangulia.

Mtaa mzima ukamfuata. Uani ambako hakukanyaga mtu tangu waombwe msaada wa harusi, sasa pakakosa pa kuweka mguu. Mama Sayi alitoka mlangoni, akaona umati, akashika kichwa. "Jamani, sina hata unga wa kuwatosha nusu yenu!" Hakumaliza. Wanawake walikuwa wameshageuka kwenda makwao, na wakarudi na unga, sufuria, kuni, kuku waliokuwa wakilalamika kwapani. Yule wa genge alileta nyanya tenga zima na hakupima hata moja. Sayi, bi harusi mtarajiwa, alikuwa anakimbia huku na huku na ndoo, na shangazi wa watu wakawa wameshaanza kumfundisha wimbo wa kuwapokea wakwe. Harusi ilipofika, wakwe wa Nkome walikosa pa kukaa, nikawasikia wakisifu ujirani wa Segese. Wabeja, asanteni, nikasema moyoni.

Baadaye Deo alikuja kuniambia kwamba wafadhili wamemuuliza kama Mizani anaweza kurudi. Nikamwambia inawezekana, aende Segese akamwombe Bibi Kabula amfukue. Hakwenda.

Kinasa changu cha zamani nimekiacha kwenye droo ya dawati, pamoja na ile soksi. Ndani yake nimewaachia maoni ya mtazamaji wa mwisho niliyemhoji siku ile uani, watu wakila. Msikilize mpaka mwisho, msizime haraka. Namuuliza Baba Sayi nani amemkera. Anafikiri, anasema, "Hakuna. Mimi kama mtazamaji, naona Mizani amekufa, na amezikwa vizuri. Ni hayo tu." Mimi nanyamaza, nimeshika maiki kama nilivyofundishwa. Zinasikika sahani, kuku, watoto. Kisha kwa mbali, sauti ya yule jirani aliyerudisha kitanda:

"Baba Sayi! Njoo ukae hapa nasi, ugali unapoa."